MAJI NA MOTO KUTOKA MKOA MMOJA

Ewe msomaji wa Dar es Salaam, maji utawadhiayo na makaa yapikiayo futari yako, wajua yatokako? Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru, na magunia mengi ya makaa hutoka misitu ya mkoa huo huo wa Morogoro. Oktoba 2022 Ruvu ulipungua, mji ukapewa maji kwa zamu, sote tukaulaumu ukame.

Hapana shaka ukame upo. Lakini je, mikono yetu haimo? Usimlaumu mchoma makaa peke yake: hakati mti ila kwa kuwa weye wanunua.

Wala amri tupu haifai. Mwaka 1955 wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Watu wakaasi, mpango ukavunjika. Mwaka 2006 makaa yalipigwa marufuku, marufuku hayakudumu.

Sasa Serikali imeazimia kuwa ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Ni jambo jema. Lakini halmashauri inayotegemea ushuru wa makaa itayapigaje vita makaa? Huko ni kumkabidhi fisi bucha! Ushuru huo na utengwe, upandie miti, uwapatie wachomaji riziki nyengine. Na hesabu yake isomwe hadharani.

Nawe uliye na uwezo wa gesi, wangoja amri ya nani? Mlima ni amana, nasi tutaulizwa.