Tusiikate "having to" kwa kalamu nyekundu

Katika kitivo chetu kuna sentensi moja ambayo haipiti mtihani: "I am having to". Mwanafunzi akiiandika, kalamu nyekundu inapita juu yake, na pembeni anaandikiwa kwamba kitenzi "have" hakikubali umbo la kuendelea. Mimi nasema sheria hiyo, jinsi inavyofundishwa, ni nusu ya ukweli. Nusu inayokosekana inatugharimu sana sisi tunaotoka Sake.

Nianze na pale walimu wetu walipo sahihi. "Have" ya kumiliki haiendelei. Mtu mwenye mbuzi wawili anasema "I have two goats", basi. Na "must" haina umbo la kuendelea hata kidogo, kwa sababu ni kitenzi kisaidizi kisicho na "-ing", wala hakina wakati uliopita wake. Ndiyo maana jana ya "must" tunaiazima kwa "had to". Lakini "have to" si umiliki, ni ulazima, na haifungwi na masharti ya "must". Waingereza wanasema "I have to walk to work" wanapoeleza jambo la kawaida, lililo kama kanuni ya maisha yao. Gari likiharibika wiki hii wanasema "I'm having to walk to work". Hapo msikilizaji anaelewa mambo matatu kwa pamoja: kwamba ulazima upo sasa, kwamba haukuwepo zamani, na kwamba msemaji anatarajia uishe. Hakuna neno jingine lililoongezwa. Umbo la kitenzi limebeba yote.

Kwa nini basi tunalikataa? Nadhani ni kwa sababu tunajifunza Kiingereza kwa kupitia Kifaransa. Kutoka sekondari, sarufi yetu ya Kiingereza inaelezwa kwa "il faut" na "je dois", na Kifaransa hakina umbo la kuendelea ndani ya kitenzi. Kina "être en train de", lakini ukikiunganisha na "devoir" masikio ya Mfaransa yanakataa. Kwa hiyo mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kifaransa haoni pengo lolote: "nous devons" inakuwa "we have to", na kazi imekwisha.

Lakini Kifaransa si lugha ya mama zetu. Sikiliza Kiswahili kinavyosemwa kwetu, kwenye njia panda ya Sake, pale barabara ya kutoka Goma inapogawanyika, moja ikipanda Masisi na nyingine ikifuata ziwa kwenda Minova. Muuza viazi anasema "niko nauzisha" akiwa na ndoo mbele yake saa ile ile. Akisema "nauzishaka", anaeleza kazi yake ya kila siku, hata kama leo amekaa nyumbani. Kiswahili sanifu kina "hu-" kwa mazoea, lakini "-na-" yake inabeba mizigo mingi: "ninauza" inaweza kuwa sasa hivi, inaweza kuwa siku zote. Sisi tunatenganisha waziwazi, "niko na-" huku, "-aka" kule. Mtoto wa Sake anaingia darasani akiwa tayari na tofauti ambayo Kiingereza kinamdai. Sisi tunamvusha kwanza kwenye Kifaransa, anaipoteza njiani, kisha tunashangaa kwamba "present continuous" inamshinda.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya darasani tu. Ningekubali kama wanafunzi wa kitivo hiki wasingefanya kazi ya ukalimani. Wengi wetu tunaifanya. Mashirika yanapokuja kusikiliza watu waliokimbia, Kiswahili cha mama kinapita mdomoni mwa mwanafunzi wa Kiingereza kabla ya kufika kwenye ripoti. Na Sake imekimbiwa mara nyingi: Novemba 2006 wakati wa vita vya Nkunda, Novemba 2012 M23 walipochukua Goma na kisha Sake, Februari 2024 watu walipojaa kambi za pembezoni mwa Goma, na Januari 2025 mji ulipoanguka siku chache kabla ya Goma yenyewe.

Chukua sentensi ambayo mtu yeyote wa kwetu anaweza kuitamka: "Tuko tunalazimika kununua maji." Mkalimani aliyefundishwa kuogopa "having" ataandika "We have to buy water". Sarufi ni safi. Lakini msomaji aliye mbali anaelewa kwamba hivyo ndivyo maisha ya watu hawa yalivyo, kama vile mtu wa mjini anavyolipa bili ya umeme. "We are having to buy water" inasema jambo jingine: tumesukumwa hapa, hatukuwa hivi, na hatutaki kubaki hivi. Sentensi ya kwanza inaeleza hali ya watu. Ya pili inaeleza lililowapata. Mama alisema ya pili. Anayeamua kama ndoo ya maji ni jambo la dharura anasoma ya kwanza.

Sidai kwamba umbo la kuendelea ni bora kila mahali. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi aliamuru sehemu ya mji wa Goma ihamishwe, na maelfu ya watu wakaja Sake. Amri ya namna hiyo ikitafsiriwa inahitaji umbo la kawaida: "Residents must leave". Kuandika "must be leaving" kungekuwa hatari, kwa sababu baada ya "must" umbo la kuendelea mara nyingi husomwa kama kukisia: bila shaka wanaondoka. Amri ingegeuka kuwa dhana. Na "should" ina ujanja wake: "The children should be studying" husemwa mara nyingi pale ambapo hawasomi, wakati saa ya masomo imefika. Haya yote ni tofauti za umbo moja na jingine, na yote yanahusu wajibu. Lakini katika somo letu wajibu unafundishwa kama orodha ya maneno ya kukariri, huku maumbo yakifundishwa muhula mwingine, na hayo mawili hayakutani.

Najua hoja ya walimu wangu, na ninaiheshimu. Wanasema mwanafunzi akiruhusiwa "I am having to", kesho ataandika "I am knowing" na "I am having a brother". Hofu hiyo ina msingi. Makosa hayo yapo kwenye madaftari yetu. Lakini kosa halitibiwi kwa kuficha matumizi yaliyo sahihi. Mwanafunzi anayejua kwa nini "having to" inakubalika ndiye atakayejua kwa nini "having a brother" haikubaliki: ndugu hakuanza juzi wala hataisha wiki ijayo.

Ninaomba mambo mawili, na hakuna hata moja linalohitaji fedha. La kwanza, "having to" isihesabiwe kosa katika mtihani pale muktadha unapoonyesha ulazima wa muda. La pili, mazoezi ya tafsiri yatoke pia kwenye Kiswahili cha Kivu jinsi kinavyosemwa, "niko na-" na "-aka" zikiwemo, badala ya kupitia Kifaransa kila mara. Mwalimu aandike ubaoni "tunalalaka ku masomo" na "tuko tunalala ku masomo", aulize nani anasema ya kwanza na nani anasema ya pili. Darasa lote litajibu. Mlinzi wa usiku atasema ya kwanza. Ya pili itasemwa na familia iliyofika jana na magodoro kichwani.

Kutoka hapo hadi "we are having to sleep at the school" ni hatua moja, na mwanafunzi ataipiga kwa miguu yake mwenyewe.