Mkopo wa Mwezi Mmoja Usiokwisha Mwaka Mzima

Ukikaa Magu mjini, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, utasikia watu wenye akili zao timamu wakisema kwamba mkopo wa mwezi mmoja ni mwepesi: unachukua, unarudisha, yanaisha. Si kweli, na imani hiyo inafilisi watu.

Tupige hesabu. Mama lishe anachukua 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Mwezi unaisha, 120,000 hana, ana 20,000 tu. Mkopeshaji anapokea na kumwongezea mwezi. Wakienda hivyo mwaka mzima, mama atakuwa amelipa 240,000 na deni la 100,000 liko palepale. Karatasi inasema siku 30. Mama huyu ana mkopo wa mwaka, tena wa kausha damu.

Marejesho ya kila wiki nayo yana mtego. Umechukua 200,000, unarudisha 24,000 kwa wiki 10, unaambiwa riba ni asilimia 20. Lakini kufikia wiki ya tano nusu ya mtaji umesharudisha, na riba bado unatozwa kana kwamba pesa yote ungali nayo. Gharama yake halisi inakaribia mara mbili ya uliyotajiwa.

Muda wa mkopo upimwe kwa kazi ambayo pesa imekwenda kufanya. Mchuuzi wa nyanya ananunua alfajiri na kuuza jioni. Huyo wiki inamtosha. Mkulima wa pamba anapanda Novemba au Desemba, na msimu wa kuuza hufunguliwa karibu na Mei. Ukimpa miezi mitatu, umemtuma akakope kwingine au auze ng'ombe. Na mvuvi wa dagaa wa Ghuba ya Speke anategemea giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawavutwi na taa, na mitumbwi hukaa ufukweni. Marejesho ya Jumatatu hayajali mwezi umeandama au umepevuka. Mvuvi huyo hakushindwa kazi. Ratiba aliyopewa haikumhusu tangu mwanzo.

Wapo wanaosema mkopaji hakulazimishwa. Mzazi mwenye mtoto wodini ana hiari gani? Ndiyo maana tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Benki Kuu ikawawekea wakopeshaji wasiopokea amana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho mama lishe angelipa 3,500, si 20,000. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua nzuri, ila anayezunguka vijijini na daftari, au anayeshikilia kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri, hayumo kwenye orodha ya programu. Huyo anajulikana mtaani, na ofisi ya biashara ya halmashauri inaweza kumfikia kwa miguu.

Wenye leseni nao wana la kufanya. Mkataba wa mvuvi uruke wiki za mbalamwezi. Wa mkulima wa pamba uanze kudai baada ya mizani, siyo wakati wa palizi. Na jumla ya shilingi zitakazolipwa hadi deni liishe iandikwe juu ya sahihi, kwa tarakimu kubwa, kabla mtu hajashika kalamu.