UCHAMBUZI: Meseji, WhatsApp au barua pepe? Hesabu ya biashara ndogo Ifakara

Mavuno ya mpunga yakianza Bonde la Kilombero, kuanzia Mei hadi Julai, Ifakara inabadilika. Mashine za kukoboa zinaunguruma mpaka usiku, malori yanapanga foleni, na kila mfanyabiashara anataka mteja ajue bei yake kabla hajasikia ya jirani.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na dalali na bodaboda. Siku hizi inafanywa na simu. Mwenye mashine anatuma meseji, mwenye duka la pembejeo anarusha picha kwenye magrupu, na mwenye nyumba ya wageni kule Mang'ula anaandika barua pepe kwa kampuni za utalii Dar es Salaam na Arusha.

Tatizo ni kwamba wengi wanatumia njia moja kwa wateja wote. Ujumbe unaenda, lakini haumfikii anayetakiwa kuusoma, au ukimfikia anaudhani ni utapeli. Kwa biashara yenye mtaji mdogo hiyo ni hasara kamili: bando limeliwa, meseji zimelipiwa, na mpunga umekwenda kwa mwingine.

Mteja wa bonde si mmoja

Ifakara ni njia panda. Upande wa kaskazini kuna Mang'ula na Kidatu, kwenye kiwanda cha sukari. Kusini-magharibi reli ya TAZARA inapita kwenda Mlimba. Ukivuka Mto Kilombero unaingia Ulanga na Malinyi. Tangu daraja la mto huo lifunguliwe 2018 na kuchukua nafasi ya pantoni, mnunuzi wa Mahenge na muuzaji wa Ifakara wamekuwa karibu zaidi kuliko ilivyokuwa.

Lakini watu hao hawashiki simu za aina moja. Mkulima aliyeko shambani anaweza kuwa na kitochi chenye chaji ya siku nne. Mchuuzi wa mchele ana simu janja, ila bando lake ni la siku au la wiki. Ofisa manunuzi wa hospitali, taasisi au kampuni anakaa mbele ya kompyuta na anataka maandishi ya kuhifadhi.

Kwa hiyo kabla mfanyabiashara hajauliza "nitume kwa njia gani?", anatakiwa aulize "namtumia nani?". Jibu la swali la pili ndilo linalojibu la kwanza.

Meseji ya kawaida: inafika kote, ila ina mtego

SMS haihitaji bando wala simu janja. Ndiyo maana hata mpango wa mbolea ya ruzuku ulioanza msimu wa 2022/23 uliwasajili wakulima pamoja na namba zao za simu. Kwa tangazo la bei, siku ya kununua au kufika kwa mbegu, hakuna njia inayofika mbali kuliko hii.

Uzito wake uko kwenye nafasi. Meseji moja inabeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ikizidi hapo inakatwa vipande, na kila kipande kinalipiwa.

Hapa ndipo Kiswahili kina mtego wake. Simu nyingi janja na programu za kuandikia hubadilisha alama ya king'ong'o, ile ya kwenye "ng'ombe" au "Mang'ula", na kuweka alama iliyopinda. Alama hiyo moja, au kikatuni kimoja cha kucheka, inaubadilisha mfumo wa meseji nzima, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70.

Hesabu yake ni hii. Tangazo lenye herufi 150 likienda kwa wateja 400 ni meseji 400. Tangazo hilohilo likiwa na alama iliyopinda linakatwa vipande vitatu, na bili inakuwa ya meseji 1,200. Mfanyabiashara analipa mara tatu kwa sababu ya nukta moja asiyoiona.

Suluhisho ni kuandika kwa alama iliyonyooka na kuangalia hesabu ya herufi kabla ya kutuma. Mfano wa ujumbe unaoingia kwenye meseji moja:

*"Tunanunua mpunga SARO mkavu kwa kilo, kwa mzani. Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi 10 jioni. Malipo palepale. Usitume hela. Kuacha meseji: piga 07xxxxxxxx"*

Kila sentensi hapo ina kazi. "Kwa mzani" inamjibu mkulima aliyechoka na lumbesa. "Malipo palepale" inamjibu aliyewahi kukopwa. Na "usitume hela" ina sababu kubwa zaidi.

Meseji yako isifanane na ya tapeli

Watanzania wamechoshwa na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kuripoti ujumbe wa kitapeli, na watu wameshazoea kutilia shaka kila namba ngeni.

Kwa hiyo tangazo halali linalotoka kwenye namba isiyojulikana, lenye haraka nyingi na namba ya malipo ndani yake, linasomeka kama utapeli hata kama mtumaji ni mtu mwema. Mteja analifuta, na wengine wanaripoti.

Kinga yake ni ya kawaida kabisa. Kampuni zinazotuma meseji kwa wingi zinaweza kuweka jina la biashara badala ya namba, na jina hilo lisizidi herufi 11. Mteja wa namna hiyo hawezi kujibu moja kwa moja, ndiyo maana namba ya kupiga inawekwa ndani ya ujumbe. Na namba ya malipo isiwekwe kwenye tangazo. Ibandikwe dukani, au atajiwe mteja aliyepiga mwenyewe.

WhatsApp: rahisi, lakini si ya kila mtu

Hakuna ubishi kwamba WhatsApp ndiyo soko la simu janja. Picha ya mchele inaonekana, sauti inasikika, mteja anajibu hapohapo. Ila njia zake tatu hazifanani, na wengi wanazichanganya.

Grupu linachukua hadi watu 1,024, lakini kila mmoja anaona namba za wenzake. Mshindani akiingia, ameshachukua orodha yote ya wateja bila kutoa senti. Na grupu la bei ya mpunga likiachwa bila msimamizi, baada ya wiki mbili limejaa mambo ya mpira na salamu za asubuhi.

Orodha ya matangazo inachukua hadi watu 256, na kila mmoja anapokea kama ujumbe wake binafsi. Wengi hawajui sharti lake: mteja asiyehifadhi namba ya biashara kwenye simu yake hapokei kitu. Mtumaji anaona ametuma, kumbe nusu ya watu hawajapata. Dawa yake ni kumwomba mteja ahifadhi namba akiwa bado yuko dukani.

Chaneli, zilizoanza 2023, hazina ukomo huo wa watu na hazionyeshi namba za wafuasi kwa wenzao. Lakini mteja lazima aamue kufuata, na ujumbe wake haukai pamoja na mazungumzo ya kawaida. Zinafaa biashara ambayo tayari watu wanaitafuta.

Kuna hatari nyingine ya kutegemea intaneti peke yake. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na mtandao ukasuasua nchi nzima. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Biashara iliyokuwa na wateja wake wote ndani ya WhatsApp ilikaa kimya muda huo. Iliyokuwa na namba zao kwenye daftari iliweza kupiga simu.

Barua pepe: wachache, lakini ndio wenye oda kubwa

Wengi wenye simu za Android wana anwani ya Gmail kwa sababu simu iliidai siku ya kwanza. Mara nyingi ilifunguliwa na aliyeuza simu, na mwenyewe hakumbuki hata neno la siri. Kumtumia mtu huyo barua pepe ya bei ya mpunga ni kupoteza muda.

Lakini kuna kundi linalofanya kazi kwa barua pepe, na Ifakara inalo. Mji una taasisi ya utafiti wa afya, hospitali ya rufaa na kituo cha utafiti wa mpunga cha TARI. Karibu yake kuna Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yenye makao makuu Mang'ula. Wageni wa maeneo hayo wanaweka nafasi za vyumba kwa barua pepe. Taasisi zinaomba bei kwa maandishi. Hata usajili wa biashara kwenye mifumo ya serikali, kuanzia BRELA hadi mfumo wa manunuzi wa NeST, unaulizia barua pepe.

Kwa hiyo mwenye gesti, muuza mchele kwa jumla au mzabuni wa vyakula anaihitaji. Swali linalobaki ni muundo, na hapa kuna chaguzi tatu.

Ya kwanza ni maandishi matupu, kama barua ya mtu kwa mtu. Ni nyepesi, inafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu, na inasomeka kama imetoka kwa mtu anayefahamika.

Ya pili ni ukurasa wa safu moja wenye nembo ndogo, picha moja na kitufe kimoja cha kupiga simu au kuweka nafasi. Inafaa gesti inayotaka kuonyesha chumba.

Ya tatu ni ile ya kama gazeti, yenye safu mbili au tatu, rangi na picha nyingi. Inapendeza kwenye kompyuta ya aliyeitengeneza. Kwenye simu herufi zinakuwa ndogo, picha zinachelewa, na barua yenye maandishi na misimbo inayozidi kilobaiti 102 inakatwa na Gmail katikati. Kinachokatwa ni cha mwisho, na mara nyingi huko ndiko ilikowekwa namba ya simu.

Kwa biashara ndogo ya Ifakara, ya kwanza inatosha kwa kazi nyingi na ya pili kwa utalii. Ya tatu iachwe. Pia iachwe tabia ya kuweka tangazo lote ndani ya picha moja. Picha ikigoma kufunguka hakuna tangazo, na hata ikifunguka mteja hawezi kunakili namba. Orodha ya bei ya PDF nayo inamlazimisha msomaji kuvuta skrini kushoto na kulia. Bei tano muhimu ziandikwe kwenye barua yenyewe.

Kichwa cha barua kibebe habari. "Habari za mwezi" haimwambii mtu kitu. "Vyumba Mang'ula: bei za Julai" inamwambia afungue au aache.

Kwa nini barua zinaishia kwenye taka

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimekaza masharti kwa wanaotuma barua pepe kwa wingi. Anayetuma lazima athibitishe kwamba anwani anayoitumia ni yake kweli, kupitia vitambulisho vinavyoitwa SPF, DKIM na DMARC. Wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail wanatakiwa pia kuweka njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja.

Gesti ya vyumba kumi haifiki huko. Ila inaguswa na kitu kimoja: kutumia huduma ya kutuma majarida huku anwani ya mtumaji ikiwa ya Gmail. Barua za namna hiyo zinaonekana kama za mtu anayejifanya Gmail, na zinaweza kuangukia kwenye taka. Mwenye wateja 30 anaweza kuendelea kuwaandikia mwenyewe kwa Gmail. Mwenye 300 anunue jina lake la mtandao, kwa mfano la .co.tz, na aliyemtengenezea amwekee vitambulisho hivyo.

Orodha ni mali, na ina sheria

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inasimamiwa na Tume ya PDPC. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana, inawataka wakusanyaji wajisajili kwa Tume, na inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara.

Kwa lugha ya dukani maana yake ni kwamba namba aliyoiacha mteja ili apigiwe mpunga wake ukishakobolewa haijawa ruhusa ya kumtumia matangazo ya mwaka mzima. Aulizwe, na jibu lake liandikwe. Kununua orodha ya namba kwa mtu ni kununua matatizo.

Hesabu ya mwisho

Kipimo cha kazi kisiwe idadi ya waliofungua. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple inaweza kuonyesha barua imefunguliwa hata kama mtu hajaiona, na alama mbili za bluu za WhatsApp hazinunui mchele. Kipimo ni simu zilizopigwa na oda zilizoingia. Mteja akipiga aulizwe swali moja: "Umetusikia wapi?" Jibu liandikwe kwenye daftari msimu mzima.

Ushauri unaoweza kuanza wiki hii ni huu: wateja wagawanywe mafungu matatu. Wa kitochi wapate meseji moja fupi bei inapobadilika. Wa simu janja wawekwe kwenye orodha ya matangazo, si grupu, wakishahifadhi namba. Wa ofisini waandikiwe barua pepe ya maandishi mara moja kwa mwezi. Na majina yote yakae pia nje ya simu, kwenye daftari au faili, kwa sababu simu huibiwa na mtandao huzimika, na msimu wa mpunga haumsubiri mtu.