Lushoto ni Bei Chee, Ila kwa Mwenye Mshahara wa Dar

Kila ikifika Juni mambo ni yale yale. Staa wa mjini anavaa sweta, anasimama ukingoni pale Irente, ukungu nyuma, kikombe cha chai mkononi, anatangaza kwamba Dar amewaachia wenyewe. Wiki ya pili yuko Masaki, anakula bata kama kawa.

Sio kwamba anadanganya. Kwa bei tupu, Dar haina pa kutokea. Chumba cha Sinza au Tabata mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita taslimu, na dalali anataka ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Feni inazunguka usiku kucha, uniti za LUKU zinayeyuka. Asubuhi unagombania mwendokasi, unafika kazini shati limeloa. Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, feni ni pambo. Mtu anakwenda kazini kwa miguu, anakula kabichi iliyokatwa jana na peasi za jirani. Gharama ya ziada ni blanketi.

Sasa jiulize, hiyo kabichi ni rahisi kwa nini? Kwa sababu aliyeilima kapata kiduchu. Mnunuzi anafika Lukozi na Fuso, anataka viazi vijazwe lumbesa, gunia limevimba hadi limeongezewa kofia juu. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, wote wanajua. Lakini mwenye mzigo ambao keshokutwa unaoza atabishana na nani? Anapokea alichopewa. Fuso linashuka kona za Soni hadi Mombo, linashika barabara kuu, na likifika sokoni Ilala viazi vile vile vinapimwa kwa sado, tena sado ya kubonyezwa chini. Mama wa Mbagala analia bei, mkulima wa Lukozi analia bei. Aliyecheka yuko katikati.

Halafu kuna vitu ambavyo havijui kama uko mlimani. Bando ni lile lile. Simu ni ile ile. Saruji ndiyo kabisa, inalipiwa nauli ya kupanda. Kijana anayeishi kwa kibarua cha kupalilia karoti za watu, akitaka simu ya maana, anapalilia mpaka mgongo unakataa. Kwake yeye Lushoto ni ghali kuliko Dar.

Ndiyo maana anateremka. Wanalala wanne chumba kimoja Manzese, anasukuma toroli la karoti zilizotoka kwao, na mastaa wanamshangaa eti kaacha pepo kakimbilia jotoni. Hajapotea njia huyo. Dar inamnyonya, ila jioni anashika hela mkononi, na kesho yake tena. Kule juu anasubiri mavuno, kisha anasubiri bei.

Mwenye haki ya kuisifia Lushoto ni yule anayelipwa na Dar huku analala Magamba. Huyo kapiga bao, hongera zake. Ila aseme wazi kwamba siri ni mshahara, asisingizie hewa safi. Na staa wa sweta naye asiondoke na ukungu wa Juni. Abaki, akodi shamba, alime karoti zake mwenyewe, asubiri Fuso lije na bei yake. Picha apige siku hiyo.