Kiswahili cha Gereji si Lugha Chakavu

Wapo wanaodai kwamba msamiati wa gereji haustahili kuingizwa kamusini. Dai hilo ni potofu. Itazamwe pikipiki ya kasi na safari ndefu, mathalani Honda VFR800 iliyozinduliwa mwaka 1998. Nguvu za injini hulifikia gurudumu la nyuma kwa cheni. Cheni ikikazwa mno, beringi huharibika. Ikilegea mno, huweza kuchomoka na kulikwamisha gurudumu, mwendeshaji akaangamia. Akiongeza masanduku ya mizigo, hana budi kukaza springi ya shokomzoba (neno tamu hilo!) na kuongeza upepo tairini. Fundi hulieleza jambo hili bila kigugumizi. Mwanaistilahi naye, je, angoja nini kwenda kuketi juu ya debe gerejini, kalamu mkononi, amsikilize?