Mapumziko ya wawili ng'ambo ya Magogoni
Wanandoa wengi wa Mbagala, Tandika na Tandale wakisikia neno mapumziko huwaza Zanzibar; wakishapiga hesabu ya boti na hoteli, wanaahirisha hadi mwakani. Sioni sababu. Kutoka Temeke, pwani ya Kigamboni iko hapo ng'ambo: mnavuka kwa kivuko pale Magogoni au mnapita Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, kisha bajaji hadi Mjimwema. Wa Kinondoni wana kisiwa cha Mbudya, safari fupi ya boti kutoka Kunduchi, na raia hulipa kiingilio cha hifadhi kilicho nafuu kuliko cha mgeni. Ila kabla ya kupanga siku, tazameni mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: mkifika saa nne asubuhi mtakuta maji yamekupwa mbali, mwani na mawe vimeachwa juani, na bahari haijai hadi alasiri. Siku za maji mafu, asubuhi ndiyo ya kuogelea. Sikukuu ziepukeni, maana mabanda hufurika watu. Samaki mchagueni angali mbichi, na bei mkubaliane kabla hajaingia kwenye mafuta. Ninachosisitiza zaidi ni kulala huko walau usiku mmoja, hata kwenye nyumba ya wageni ya kawaida, watoto wakiwa kwa bibi yao. Nanyi kamati za harusi mnaochangisha mamilioni kwa ukumbi wa usiku mmoja, watengeeni maharusi fungu dogo la safari hiyo.