Android Isifungwe Mkiangalia: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya

Kwa Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni fundi wa simu hapa Obunga, Kisumu. Karibu simu zote zinazoletwa kwangu ni za Android: Tecno, Infinix, itel, Samsung za mitumba. Mwenye iPhone huchukua programu pale Apple inapomruhusu. Mwenye Android hana kifungo hicho. Jirani akiwa na programu nzuri humrushia mwenzake kwa Bluetooth, bila kula bando, na kijana aliyejitengenezea programu yake huigawa mtaani bila kumwomba mtu ruhusa.

Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba mambo yatabadilika. Mtengenezaji wa programu yoyote, hata ile isiyopitia duka la Google, atalazimika kujisajili kwao na kuthibitisha yeye ni nani, la sivyo simu zilizoidhinishwa na Google zitaikataa programu yake. Utaratibu huo unaanza Septemba 2026 nchini Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kwingine kuanzia 2027. Watu walipolalamika, Google ikasema itaacha njia ya pembeni kwa watumiaji wazoefu. Mama anayekaanga samaki hapa kwetu hataitwa mzoefu, naye ndiye anayerushiwa programu na mwanawe.

Sababu wanayotoa ni usalama, na siidharau. Programu bandia zinawaibia watu pesa, nimewaona wakilia. Lakini atakayeamua nani aruhusiwe ndiye huyo huyo mwenye duka kubwa la programu kuliko yote. Mfanyabiashara hapewi kazi ya kuwapa washindani wake leseni.

Obunga tunajua maana ya kuachiwa mifupa. Viwanda vinachukua minofu ya mbuta kwa soko la ng'ambo, sisi tunakaanga mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki. Android nayo iko hivyo: msimbo wake uko wazi tangu 2008, yeyote anaweza kuuchukua, lakini duka, ramani na huduma ambazo programu nyingi haziendi bila hizo ni za Google, kwa masharti ya Google. Kwa masharti ya namna hiyo Tume ya Ulaya iliitoza faini ya euro bilioni 4.34 mwaka 2018. Mwaka 2022 mahakama iliipunguza hadi bilioni 4.125, ila uamuzi wenyewe kwa sehemu kubwa ukasimama.

Msiniambie kwamba Kenya ni ndogo mno kwa kazi hii. Mwaka 2014, Airtel ilipolalamika kwenu, Safaricom iliacha kuwazuia mawakala wa M-Pesa kuhudumia mitandao mingine. Leo wakala mmoja wa mtaa wa Kondele, hapa Kisumu, ana mitandao kadhaa kwenye kibanda kimoja. Mliweza.

Kifungu cha 18 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinawaruhusu kuchunguza sekta nzima bila kungoja mlalamishi. Anzeni sasa, kabla ya 2027. Iulizeni Google ni kwa nini usajili huo usishikwe na chombo kisichouza programu. Iulizeni pia simu iliyokwisha kununuliwa Kenya itabadilishiwaje masharti ikiwa mkononi mwa mwenyewe.

Na mkiita watu kutoa maoni, kikao kimoja kiwe Kisumu. Mafundi wa Obunga na Kondele tutafika.

Wako,
Fundi wa simu, Obunga